Zipporah Gakii, Sauti Iliyoitwa Irene Lake

Jumamosi hii, tarehe 28 Machi 2026, Bi Zipporah Gakii anastaafu baada ya kuwa mwimbaji wa bendi yetu ya Lake Stars kwa miaka hamsini na mmoja. Alikuwemo kabla sisi wengine hatujaingia, na wengi walioingia nyuma yake wameshatoka: kuna waliotolewa na uzee, kuna waliotolewa na ndoa, na yuko mmoja aliyetoka baada ya kuambiwa kwamba anapuliza tarumbeta kama mtu anayewasha kuni mbichi. Aliyemwambia ni huyu huyu tunayemuaga. Kamati ya sherehe imenikabidhi mimi, Ameir, mpiga gitaa la besi, kazi ya kuandika wasifu wake, kwa hoja kwamba nimesimama nyuma ya mgongo wake tangu mwaka 1977. Ni kweli. Mgongo ule naujua kuliko ninavyozijua njia za kwetu Michenzani, na unapokakamaa najua kuna mtu amekosea, na mara nyingi ni mimi.

Wageni ambao hawakuwahi kumsikia watauliza kwa nini mwimbaji wa miaka yote hiyo hajulikani. Jibu ni kwamba anajulikana sana, ila kwa jina lisilo lake. Nyimbo zilizompa sifa zilitoka kwa jina la Irene Lake wa Detroit, mji ambao Bi Zipporah hajaukanyaga hata kwa kubadilisha ndege. Tangu nilipomfahamu alikuwa na haja moja, nayo ni kuziona nyimbo zile zikiwa na jina lake kwenye jalada kabla hajaacha kuimba. Hapa nitaeleza jinsi jina lile lilivyompata, na limefikia wapi.

Alizaliwa Nkubu, Meru, mwaka 1953. Aliimba kwaya ya kanisa tangu hajamaliza kung'oka meno ya utotoni, na waumini wa kanisa hilo ndio waliochanga mwaka 1973 ili aje London kusomea uuguzi. Alikuja na koti lililoshonwa na fundi ambaye hajawahi kuiona baridi ya Januari, na ahadi aliyompa mama yake kwamba hatapotea njia. Kupotea njia, kwa maelezo ya mama, kulianzia kwenye baa na kuishia jukwaani.

Katika hosteli ya wanafunzi wa uuguzi palikuwa na redio moja, na wasichana wa Jamaika walioimiliki walisikiliza muziki wa soul wa Marekani jioni nzima. Bi Zipporah alipata kutuambia kwamba siku ya kwanza alidhani ni kwaya ya kwao iliyoachwa na mchumba. Baada ya wiki chache alikuwa anazijua sauti zote, ya mbele na za kuitikia, na wenzake wakaanza kuizima redio ili wamsikilize yeye.

Kukutana kwake na Mzee Mansukh kulisababishwa na unga. Mansukh, mzaliwa wa Kisumu, alikuwa na duka karibu na stesheni ya Rayners Lane, na upande ule wa London ndilo duka pekee lililouza unga wa mahindi unaofaa kusonga ugali. Aliuza pia mchele, viungo, na santuri, kwa kuwa alipenda muziki kuliko alivyopenda biashara na hakutaka mkewe alijue hilo. Siku moja Bi Zipporah yuko kwenye foleni, santuri inapigwa, akasema kwa sauti kwamba huyo mwimbaji amechoka kwenye ubeti wa pili. Mansukh alikasirika, maana santuri ile aliirekodi yeye mwenyewe. Akamwambia, kwa Kiswahili cha Kisumu kilichojaa hasira, basi aimbe yeye kama anaweza. Bi Zipporah aliweka unga chini akaimba. Wateja walisahau zamu zao, na alipoondoka Mansukh alimfuata hadi nje kumuuliza anaishi wapi.

Studio ya Mansukh ilikuwa ghala la nyuma ya duka. Kuta zake zilikuwa magunia ya mchele yaliyopangwa hadi darini, na magunia yale yalimeza mwangwi wote. Tatizo ni kwamba yalikuwa ya kuuzwa. Kila ilipokaribia Diwali mchele uliisha, kuta zikabaki tupu, na sauti ya Bi Zipporah ikaanza kuvuma kana kwamba anaimba ndani ya tangi la maji. Wapenzi wa santuri wameandika makala ndefu kueleza kwa nini kibao chake "Half a Cup" kina mwangwi ambao vingine havina. Wapo wanaosema ni mtindo wa Detroit, na wapo wanaosema ni huzuni. Mimi nilikuwepo, na naweza kuthibitisha kwamba ni Diwali ya mwaka 1978.

Kasi ya wimbo aliipima kwa saa ya unesi, ile inayobanwa kifuani ikining'inia kichwa chini. Alimshika mpiga dramu kifundo cha mkono, akahesabu mapigo ya moyo, na yakiwa yanakwenda mbio aliamuru sote tukae tunywe chai kwanza. Hakuna wimbo wetu hata mmoja unaokwenda haraka kuliko moyo wa mtu aliyetulia. Nilipojiunga na bendi nilidhani ni utani, mpaka aliponishika mimi mkono, akatazama saa, akaniambia nipunguze chumvi.

Sasa tuje kwenye jina. Santuri ya kwanza, "Keep My Chair Warm", ilipokuwa tayari mwaka 1975, Mansukh alisema hakuna duka la Uingereza litakaloweka dirishani santuri ya soul iliyoimbwa na msichana wa Meru. Watu wanataka Mmarekani. Akawatungia Mmarekani: Irene, kwa kuwa linatamkika kirahisi, na Lake, yaani ziwa, kwa kuwa yeye mwenyewe alilikumbuka Ziwa la kwao Kisumu. Bi Zipporah alitaka jina lake liandikwe. Alisema Gakii ni jina la bibi yake, ni fupi, na litakaa vizuri kwenye jalada. Akapingwa. Lakini na yeye alikuwa na sababu ya kutopigana sana. Matroni wa hospitali hakuruhusu wanafunzi kuimba kwenye vilabu, na kule Nkubu kanisa zima lilikuwa linasubiri nesi. Akakubali kuwa Irene Lake kwa mwaka mmoja tu, mpaka afaulu mitihani. Mitihani aliifaulu, na Irene hakuondoka.

Sharti lililotutesa zaidi lilikuwa la jukwaani. Mansukh alimkataza kusema neno lolote kwenye kipaza sauti isipokuwa maneno ya wimbo. Akiimba, lafudhi ya Kimarekani aliiweza. Akiongea, Meru ilifika mlangoni kabla yake. Kwa hiyo kati ya wimbo na wimbo alisimama kimya, anatazama juu ya vichwa vya watu, na sisi huku nyuma tunakaza nyuzi ambazo hazijalegea ili kuvuta wakati. Mwandishi mmoja wa gazeti la muziki aliandika kwamba ukimya wa Miss Lake ni wa mwanamke aliyeona mengi duniani. Jioni hiyo alikuwa ametoka kwenye zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, na alikuwa anawaza basi la kurudi atalipata wapi.

Nyumbani alipeleka santuri moja bila maelezo. Mama yake aliipenda mno. Siku walipoongea kwa simu ya posta alimwambia kwamba huyo Mmarekani ana sauti ya mtu aliyelelewa kanisani, na kwamba Zipporah naye angekuwa na adabu ya sauti kama ile asingeacha kwaya. Bi Zipporah alitusimulia tukiwa ndani ya gari tunakwenda Luton, na tulicheka hata dereva akalazimika kusimama kando ya barabara. Yeye hakucheka. Mama alifariki mapema mwaka 1978 bila kuambiwa. Tangu hapo hatukumtania tena kuhusu Irene, na yeye akaanza kumwambia Mansukh kila wiki kwamba anataka jina lake.

Ilikuwa Southall, mwaka uliofuata, ambako siri ilifichuka. Tulialikwa kwenye harusi, na ukumbi ulijaa Wapunjabi waliozaliwa Kenya: wa Nakuru, wa Eldoret, wa Kisumu, wa Mombasa, wazee kwa watoto. Mitambo ilikuwa mikononi mwa Balbir, fundi umeme wa Nakuru, ambaye hadi leo hutaka ikumbukwe kwamba waya ule hakuufunga yeye. Katikati ya wimbo wa tatu Balbir aliona waya wa kipaza sauti umechubuka na Bi Zipporah ananyoosha mkono kukishika. Mtu akiona hatari hasemi kwa lugha ya kuchagua. Balbir alipaza sauti toka pembeni:

"Dada, wacha hiyo maik, iko na shoti!"

Na Irene Lake wa Detroit akajibu, ndani ya kipaza sauti, watu mia kadhaa wakimsikia:

"Ungesema mapema. Ishanipiga."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, bwana harusi alianguka kwenye kiti chake kwa kicheko, na akina mama waliovaa dhahabu hadi viwikoni walisimama kumuuliza kwa Kiswahili yeye ni mtoto wa wapi. Akawajibu. Akamjibu kila mmoja. Aliuliza nani anatoka Nakuru, nani alisomea Kisumu, nani anajua mahali pa kupata sukuma wiki hapa Southall. Nyimbo tulipiga chache sana jioni ile, na familia ya harusi haikulalamika. Mimi nilikuwa nimecheza nyuma yake miaka miwili na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka jukwaani. Balbir tulimchukua siku ile ile awe fundi wetu wa mitambo, na leo pia ndiye aliyefunga nyaya, kwa hiyo mkae kwa amani.

Habari zilimfikia Mansukh kabla hatujafunga vyombo. Alisema biashara imekufa. Bi Zipporah alisema vizuri, basi santuri ijayo iwe na jina lake. Mansukh akakataa, yeye akakataa kuimba, na studio ikarudi kuwa ghala. Walinuniana miaka kumi na miwili. La ajabu ni kwamba hakuacha kununua unga kwake. Kila Jumamosi aliingia dukani, akauweka unga kwenye kaunta, Mansukh akaufunga, akampa, na hakuna aliyefungua mdomo. Daisy, binti wa Bi Zipporah aliyezaliwa mwaka 1981, alikulia katika ziara hizo na kwa muda mrefu aliamini yule mzee ni bubu.

Mwaka 1991 Mansukh alilazwa kwa maradhi ya moyo, na wodi aliyopelekwa ilikuwa chini ya Sista Zipporah. Amisha, binti wa Mansukh, alikuwa kando ya kitanda mchana ule, na yeye ndiye aliyenisimulia. Sista aliingia, akamshika mzee kifundo cha mkono, akatazama saa yake ya kifuani, akaanza kuhesabu. Mansukh naye alikuwa anatazama pale pale kifuani, kwenye kibandiko cha jina.

"Gakii," alisoma. "Jina fupi. Lingekaa vizuri kwenye santuri."

"Nilikuambia hivyo mwaka sabini na tano, Mzee."

Hiyo ndiyo suluhu yote iliyofanyika. Kisha akamwambia aache kuongea kwa kuwa mapigo yake yanakwenda mbio, na Mansukh akatii.

Alipopata nafuu alinunua mchele mwingi kuliko duka lilivyohitaji, akaupanga ukutani. Mwaka 1993 tulirekodi santuri ndefu iliyoitwa "Zamu ya Usiku", muziki wa soul kwa Kiswahili, nyimbo za manesi, walezi wa wazee na wafagiaji wa ofisi, watu wanaorudi nyumbani wakati wengine wanatafuta soksi. Jina la Zipporah Gakii liliandikwa kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha santuri. Naamini ndiyo kazi bora tuliyowahi kufanya. Haikununuliwa. Ilitoka wakati watu wameshaanza kuzitupa santuri zao, na madijei waliompenda Irene hawakujua Zipporah ni nani wala hawakuwa na haja ya kujua. Maboksi yalirudi ghalani yakawa ukuta pamoja na magunia. Mansukh alifariki mwaka 2009 na mengine yalikuwa hayajafunguliwa.

Mtu mwingine angekata tamaa. Bi Zipporah aliendelea na kazi. Ameimba kwenye harusi za Reading na sherehe za mahafali za Coventry, kwenye sikukuu za Jamhuri, na kwenye mikusanyiko ya misiba ambako watu hukutana kumfariji mfiwa na kupanga safari ya mwili kurudi nyumbani. Uuguzi aliustaafu mwaka 2014, jukwaa hakuliacha. Hajawahi kuchelewa mazoezini, jambo ambalo limetuumiza sote.

Kasoro anazo na si vyema kuzificha siku ya kuagana. Chai yake ina tangawizi ya kumwamsha mgonjwa wa chumba cha upasuaji. Hawezi kuiona rangi mbaya usoni pa mtu akanyamaza. Mwaka 2006, tukiwa jukwaani, alisimamisha wimbo katikati kumwambia bwana mmoja wa safu ya mbele kwamba rangi ya midomo yake haimpendezi na aende hospitali sasa hivi, si kesho. Yule bwana alikasirika, mke wake akamkokota hadi hospitali. Alikuwa na damu iliyoganda mapafuni. Leo yupo meza ya pili kushoto, na ameniomba niseme kwamba wimbo ule bado anaudai umaliziwe.

Wakati huo wote Irene Lake alikuwa anazidi kunawiri. Vijana wa kaskazini mwa Uingereza, na wengine wa Ujerumani na Japani, walizifufua santuri zile za zamani na kuzitafuta kama dawa. Kila mwaka kulikuwa na mtu wa kuandika habari zake, na hakuna aliyejua yuko wapi. Siku moja mimi na Bi Zipporah tulikaa kwenye mkahawa wa Edgware Road, mimi nimekwenda kuwaona jamaa zangu waliotoka Muscat, yeye amenisindikiza kwa ajili ya mikate. Nikamsomea kwenye simu kwamba Irene Lake alifariki Detroit mwaka 1983. Alimaliza chai yake, akauliza kafa kwa ugonjwa gani. Nikamwambia nimonia. Alisikitika kweli, akasema nesi mzima anakufaje kwa nimonia. Nilipomtazama niliona kwamba mzaha umekwisha. Alisema yule mwanamke atazikwa na nyimbo zisizo zake.

Mwaka jana daktari alimwambia kwamba nyuzi za sauti zimechoka na zinahitaji kuachwa. Ndipo alipotangaza kustaafu, na kwamba akistaafu atarudi Nkubu. Karibu na wakati huo Amisha, ambaye ni mfamasia na ndiye mrithi wa duka, alizitoa kanda za kwanza kwenye ghala na kupeleka habari kwa kampuni moja ya mashariki ya London inayochapa upya santuri za zamani. Kanda zilikuwa zimeanza kumeguka. Kampuni ilisema zinaweza kuchezwa mara moja, labda mbili, na baada ya hapo basi. Ikawa wazi kwetu sote kwamba chochote kitakachoandikwa kwenye jalada safari hii ndicho kitakachobaki.

Tulikutana nyumbani kwa Amisha mwezi Januari: Bi Zipporah, Daisy, Balbir na mimi. Kampuni ilimtuma binti anayeitwa Natasha, mpole, anayezijua nyimbo zetu kuliko mpiga kinanda wetu anavyozijua. Alitandaza mezani mfano wa jalada. Picha ni ya Bi Zipporah ya mwaka 1975, ametazama pembeni na kofia imefunika nusu ya uso, na juu yake IRENE LAKE. Natasha hakuwa na ubaya. Alieleza kwamba maduka ya nchi tano yameagiza kwa jina hilo. Likibadilishwa, mengi yatajitoa, na kampuni italazimika kuchapa chache sana. Jina halisi, alisema, linaweza kuwekwa nyuma, chini, kwenye maelezo.

Bi Zipporah alilitazama jalada lile, akasema liwe hivyo. Alisema amezoea. Alisema ni afadhali nyimbo zisikike kwa watu wengi kuliko jina lisomwe na wachache, na kwamba amechoka kubishana na Irene. Balbir aliinuka akaenda kutazama dirishani. Tulikuwa tumemsikia akililia jina lile tangu ujana wetu, na sasa analiacha kwa sauti ya mtu anayemwachia abiria mwenzake kiti. Iliniuma, na bado naona uchungu kuiandika.

Lazima niseme jambo kuhusu Daisy. Kama watoto wengi waliozaliwa hapa, Kiswahili anakielewa chote na hujibu kwa Kiingereza. Mama husema kwa Kiswahili, binti hujibu kwa Kiingereza, mama hurudisha kwa Kiswahili, na wameishi hivyo miaka arobaini na zaidi bila kukosana. Mimi sijawahi kumsikia akisema Kiswahili zaidi ya "asante, anko". Siku ile alikivuta kiti chake karibu na cha mama yake. Aliongea polepole, anatafuta neno moja moja, na kwa jinsi alivyotazama ilikuwa kama sisi wengine hatupo chumbani.

"Mama, mimi huyo Irene simjui. Nikiwapatia watoto wangu hii santuri, nitawaambia huyu ni nani? Mimi nataka jina la nyanya yao."

Bi Zipporah alimshika Daisy mkono, na kwa mazoea ya kazi vidole vyake vilikwenda kwenye mshipa. Alilia kidogo, bila kujificha. Halafu akasema:

"Basi wachape chache."

Natasha hakuelewa neno hata moja, akawa anatutazama usoni mmoja baada ya mwingine. Safari hii Bi Zipporah akamgeukia na kumweleza mwenyewe, kwa Kiingereza cha Meru kisicho na chembe ya Detroit, kwamba jina la mbele litakuwa Zipporah Gakii na kwamba yuko tayari kwa hasara yake. Natasha alitoa kalamu, akapiga mstari juu ya lile jina, akamsogezea karatasi aandike jina lake kwa mkono wake. Mwandiko ule ndio mtakaouona kwenye jalada.

Maduka mengi yamejitoa kama tulivyoonywa. Lile la Japani limebaki, sijui kwa nini, na tunalishukuru. Santuri zilizochapwa ziko kwenye meza ya mlangoni, na hazitawatosha wote waliokuja, kwa hiyo msisukumane na msiniombe mimi.

Kwa niaba ya wanabendi wote wa Lake Stars, waliopo na waliotangulia, namshukuru Bi Zipporah kwa sauti yake, kwa ukali wake, na kwa kutupima mapigo bila kuombwa. Tunaishukuru familia yake kwa kutuazima mama kila Jumamosi. Nkubu tunaipa pole na hongera kwa pamoja. Tunamwombea afya, usingizi wa kutosha, majirani wasioumwa mara kwa mara, na siku nyingi njema za kukaa kimya kwa hiari yake.

Boksi la kwanza lilifika nyumbani kwake Jumatano. Daisy amenieleza kwamba mama alilifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni, akatoa santuri moja, akakaa nayo mapajani karibu na dirisha. Alikaa muda mrefu, anasoma jalada. Daisy alikuwa ameshatayarisha mashine, akamuuliza kama anataka kuisikiliza. Bi Zipporah alisema ngoja kwanza, ya ndani anayajua.